Nembo za bibi na krimu ya siku saba

Mwezi wa Agosti mwaka jana mdogo wangu alikuja kwangu Shangani wakati wa alasiri, akaketi barazani, na baada ya maamkizi akatoa mkobani kopo jeupe lisilo na jina la kiwanda wala orodha ya vilivyomo. Binti yake alikuwa anaolewa Desemba. Kopo lile alilinunua kwa shilingi 60,000 katika duka moja la vipodozi hapa mjini Mtwara, na muuzaji alimwahidi kwamba makunyanzi ya usoni yangeondoka ndani ya siku saba. Alikuja kwangu kwa sababu nilifundisha baiolojia katika shule za sekondari kwa miaka 26 kabla ya kustaafu, na alisema: “Dada, niambie ukweli. Hii inafanya kazi au nimeibiwa?”

Sikumjibu papo hapo. Siku zile alikuwa amekwisha kuipaka kwa siku tisa, na uso wake ulikuwa umeng'aa na kulainika kiasi kwamba yeye mwenyewe alianza kuamini. Tena mimi nilikuwa na tyubu yangu chumbani ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Wanawake wa umri wetu tunaulizana mambo haya kwa kunong'ona, kana kwamba kutaka uso mzuri ukiwa na miaka 51, kama yeye, au 56, kama mimi, ni jambo la aibu. Mimi sioni aibu ndani yake, na ndiyo maana nimeamua kuandika hapa, kwa kirefu, jibu nililompa siku ile pamoja na yale yaliyofuata.

Jibu lenyewe ni kwamba zipo krimu zinazopunguza makunyanzi, lakini ni chache mno. Kazi yake huonekana baada ya miezi, haziifuti mikunjo iliyozama, na vingi kati ya vikopo tunavyovinunua kwa fedha nyingi havimo katika hizo chache.

Ili mdogo wangu anielewe nilimkumbusha uso wa bibi yetu mzaa mama. Bibi alikuwa Mmakonde wa Newala, na alichanjwa nembo usoni angali msichana, kama ilivyokuwa desturi ya wakati wake: ngozi ilichanjwa kwa kijisu, kisha masizi yakasuguliwa ndani ya chale. Alipofariki akiwa mkongwe sana, nembo zile zilikuwa bado zinasomeka mashavuni na kwenye paji la uso. Sasa, tabaka la juu la ngozi hujibadilisha lote kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Chembe mpya huzaliwa chini, hupanda taratibu, hufa, kisha hupukutika tunapooga na kujisugua. Kama masizi yale yangeishia katika tabaka hilo, nembo za bibi zisingefika hata siku arobaini. Zilidumu kwa sababu chale zilivuka tabaka la juu na kuyaacha masizi katika tabaka la pili, ambalo wataalamu huliita dermisi, na lile halipukutiki. Makunyanzi nayo asili yake iko huko chini. Mtu anayekuuzia krimu anakuahidi kwamba atafika, kwa kupaka tu, mahali ambapo fundi wa nembo alifika kwa kisu.

Na njia ya kufika huko imezibwa. Juu kabisa ya ngozi kuna chembe zilizokufa, bapa, zilizopangwa moja juu ya nyingine kama makuti yaliyoezekwa na fundi hodari, na katikati yake kuna mafuta yanayoziba nyufa. Paa hilo ndilo linalotuwezesha kuoga bila kuvimba kwa maji. Vitu vidogo sana vinavyopatana na mafuta huweza kupenya. Wataalamu wa dawa huchukua kadiri ya daltoni 500, kipimo cha uzito wa molekuli, kuwa ndio mpaka. Kolajeni, ile protini ambayo jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye vikopo vingi, ina uzito wa daltoni karibu 300,000. Kujipaka kolajeni ukitarajia iingie ikajaze mikunjo ni sawa na kutaka kupitisha jahazi katika tundu la sindano. Itabaki juu, italainisha kidogo kama mafuta mengine, na utainawa asubuhi.

Kolajeni ya kweli tunaitengeneza wenyewe ndani ya dermisi, na kazi yake inafanana na ya ukili katika mkeka: nyuzi ngumu zilizosukwa zinazoupa uso umbo lake. Pamoja nayo ipo elastini, inayovutika na kurudi. Umri hupunguza usukaji huo, na kwa mwanamke kukoma kwa hedhi huharakisha mambo, kwa maana katika miaka mitano ya mwanzo baada ya hapo ngozi hupoteza kadiri ya asilimia 30 ya kolajeni yake. Uvutaji wa sigara unaharibu pia. Kisha ipo mikunjo ya misuli, ile ya katikati ya nyusi na ya kwenye paji, inayotokana na kukunja uso maelfu ya mara, na hiyo krimu haiifikii kwa sababu haiwezi kuituliza misuli. Walio na uwezo huchomwa sindano za sumu ya botulini, ambazo mamlaka ya dawa ya Marekani iliziidhinisha kwa mikunjo ya katikati ya nyusi mwaka 2002.

Basi ni nini kinachofanya kazi? Chenye ushahidi mwingi kuliko vyote ni tretinoini, dawa itokanayo na vitamini A, yenye molekuli ndogo inayolivuka lile paa la makuti. Ilianza kutumika kwa chunusi. Daktari Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliyeitumia kwa wagonjwa wa chunusi, alisikia kutoka kwa wanawake wenye umri mkubwa kwamba ngozi zao zimekuwa laini zaidi, na mwaka 1986 yeye na wenzake wakachapisha utafiti kuhusu ngozi iliyozeeshwa na jua. (Mtu huyo alifanya pia majaribio juu ya wafungwa wa gereza la Holmesburg, jambo linalolaumiwa hadi leo, nami siwezi kulitaja jina lake bila kulisema hilo.) Mwaka 1988 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwapa watu 30 krimu mbili, moja yenye dawa kwa mkono mmoja na nyingine isiyo na dawa kwa mkono wa pili, kwa wiki 16, na mikono iliyopakwa dawa ilionyesha nafuu ambayo ile mingine haikuionyesha. Karibu wote waliwashwa na kubabuka. Mwaka 1993 walipima kolajeni yenyewe: baada ya miezi 10 hadi 12, utengenezaji wa kolajeni katika ngozi iliyopakwa tretinoini uliongezeka kwa asilimia 80, na katika ile iliyopakwa krimu tupu ulipungua kwa asilimia 14. Mwishoni mwa mwaka 1995 Marekani ikaidhinisha krimu ya tretinoini kwa ajili ya mikunjo midogo ya uso.

Neno la kushika hapo ni “midogo”.

Tyubu niliyokuwa nimeificha chumbani ilikuwa tretinoini ya asilimia 0.025. Nilianza kuitumia baada ya kuonana na daktari wa ngozi Dar es Salaam, na bei yake haikufika shilingi 20,000. Nilipaka usiku tu, kwa sababu mwanga huiharibu dawa hiyo, kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa uso mzima, mara mbili kwa wiki, na baadaye usiku mmoja baada ya mwingine. Wiki ya tatu ngozi ya pembeni mwa mdomo ilikauka na kumenyuka, nikapumzika siku nne, nikaendelea. Kila tarehe mosi saa mbili asubuhi nilijipiga picha nikiwa kwenye dirisha lilelile la sebuleni, kwa kuwa kioo hudanganya na mwanga wa saa tofauti hudanganya zaidi. Kwa miezi mitano sikuona tofauti yoyote niliyoweza kuiapia. Mwezi wa sita nilianza kushuku, na mwezi wa kumi nilipoziweka picha ya kwanza na ya mwisho pamoja, vile vistari vyembamba chini ya macho vilikuwa vimepungua waziwazi na ngozi ya mashavu ilikuwa na rangi iliyolingana zaidi. Mkunjo wa katikati ya nyusi uko palepale ulipokuwa. Uso wa mtu mmoja si utafiti, na ningekuwa mwanafunzi wangu mwenyewe ningejinyima alama kwa kukosa upande wa kulinganishia. Nausimulia ili msomaji ajue muda unaohitajika na kiasi cha badiliko la kutarajia.

Yapo mambo ya kuangalia. Mjamzito, au anayetazamia kushika mimba, asiitumie. Ngozi yetu nyeusi ikiwashwa sana huacha madoa meusi yanayokaa miezi, kwa hiyo anayeanza kwa pupa anaweza kuyapunguza makunyanzi na kujipatia mabaka. Hii ni dawa, na inapaswa kuanza kwa mazungumzo na daktari au mfamasia.

Retinoli, inayopatikana katika vipodozi vya kawaida, ni ndugu mpole wa tretinoini. Ngozi yenyewe huigeuza polepole kuwa ile dawa. Mwaka 2007 watafiti walipaka retinoli ya asilimia 0.4 kwenye mkono mmoja wa wazee 36, wenye wastani wa umri wa miaka 87, kwa wiki 24, na mikunjo midogo ya mkono ule ikapungua. Kwa hiyo kopo lililotaja retinoli na kiwango chake lina hoja. Vitamini C nayo ina hoja kwa maandishi, ila ni kitu kisichovumilia joto, hewa wala mwanga, na chupa zake nimeziona hapa kwetu zikiwa zimepangwa dirishani, zikipigwa na jua, maji yake yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Ikishafika hapo imeharibika.

Vilainishi visidharauliwe. Gliserini na asidi ya hayaluroniki huvuta maji, na mafuta mazito ya mgando huyazuia yasitoke, kwa hiyo ngozi kavu hujaa na vile vistari vya ukavu hupotea kwa saa kadhaa, hata siku nzima. Mafuta ya nazi na ya ufuta wa Lindi yanalainisha vilevile kwa bei ndogo, na liwa iliyosagwa kwenye jiwe hupoza na kunukia, kama ambavyo dada zetu Wamakua ng'ambo ya Ruvuma hujipaka musiro. Hayo ni mapambo na matunzo mema ambayo tumeyarithi, nami nayapenda. Hayafiki kwenye dermisi. Jambo moja tu naomba kwa msisitizo: mafuta ya ganda la korosho yasikaribie uso. Kila aliyebangua korosho kwa mkono anajua yanavyounguza vidole na kuviacha vyeusi, na uso hauna ugumu wa vidole.

Nafika kwenye jua, ambalo kwangu ndilo kiini cha suala zima. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita uzee wa uso ni kazi ya miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Miale ya aina ya B huunguza tabaka la juu. Ya aina ya A huzama mpaka dermisi na kuchochea vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, tena hupita kwenye kioo cha kawaida. Mwaka 2012 jarida moja la tiba la Marekani lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha lori kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa dirishani, ulikuwa umekunjamana kwa namna ambayo ungedhani ni wa mtu mwingine aliyemzidi umri sana. Kwetu dereva huketi kulia, na tangu niione picha ile siwezi kupanda basi la Dar es Salaam bila kulitazama shavu la kulia la dereva.

Mtwara iko takriban nyuzi 10 kusini mwa Ikweta. Jua hutupitia juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 21 Februari. Oktoba ndio wakati ambao korosho zinaokotwa, na watu wanashinda mashambani kuanzia asubuhi. Wenye mashamba ya chumvi huko Mikindani na Lindi hupigwa mara mbili, na jua la juu na lile linalorudishwa na weupe wa chumvi. Kweli, weusi wetu ni kinga. Watafiti waliopima mwaka 1979 waliona kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi hukinga kwa wastani wa kiwango cha 13.4 kwa kipimo cha SPF, kile kinachoandikwa kwenye krimu za kukinga jua, na la ngozi nyeupe 3.4 tu, na hiyo ni sababu mojawapo ya makunyanzi kutuchelewa sisi kuliko Wazungu. Lakini kinga hiyo haizuii yote, na anayeishi chini ya jua la utosi kwa miaka hamsini huona mwenyewe tofauti kati ya ngozi ya uso wake na ile ya ndani ya mkono wake wa juu. Jaribu leo, ukiwa peke yako, uone ni kiasi gani cha uzee wako kimetokana na miaka na kiasi gani kimetokana na jua.

Kwa kuyazuia makunyanzi kabla hayajaja, ushahidi wa kinga ni mzuri kuliko ushahidi wa krimu nyingine yoyote. Katika mji wa Nambour huko Australia watu wazima 903 walio chini ya miaka 55 waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walitakiwa kupaka krimu ya kukinga jua kila siku, wengine waliachwa wapake wakipenda. Baada ya miaka minne na nusu, waliopaka kila siku walikuwa na uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24, na ngozi zao hazikuonyesha ongezeko la kuzeeka lililoweza kupimika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Vidonge vya beta-karotini vilivyojaribiwa katika utafiti huohuo havikuleta tofauti.

Mimi hutumia krimu yenye kiwango cha 30, kijiko kidogo kimoja kwa uso na shingo, na hurudia kila baada ya saa mbili nikiwa nje. Nyingine huacha weupe kama wa unga wa muhogo usoni mwetu, jambo linalowakatisha tamaa wengi, kwa hiyo ni vyema kuijaribu kwanza mkononi. Pale Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, hutengenezwa krimu ya kinga iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao kwao jua ni suala la saratani na la uhai. Hiyo ni yao, na sisi wenye kinga ya kuzaliwa tutafute yetu madukani. Asiyemudu krimu ana mwavuli, ana kofia pana ya ukindu, na ana ushungi wa kanga ulioletwa mbele kidogo.

Mdogo wangu nilimwambia yote haya, na nilimsihi aache kopo lile. Hakuacha. Uso ulikuwa unang'aa, harusi ilikuwa inakaribia, na maneno yangu yalikuwa ya miezi wakati ya muuzaji yalikuwa ya siku. Kufikia Oktoba ngozi ya mashavu ilikuwa nyembamba, vipele vimejaa kidevuni, na akitoka nje kidogo tu uso unamuwaka kama aliyepakwa pilipili. Alipojaribu kuacha, hali ikawa mbaya zaidi, akarudia tena. Daktari wa ngozi alizitambua dalili: steroidi kali, za jamii ileile inayochanganywa katika mkorogo. Steroidi hupunguza uvimbe na kung'arisha uso kwa haraka, na ndiyo maana siku tisa za kwanza zilimfurahisha. Lakini ikipakwa usoni kwa wiki nyingi huizuia ngozi kutengeneza kolajeni. Krimu aliyouziwa kuondoa makunyanzi ilikuwa inaufumua mkeka wenyewe. Iliniuma sana, na bado inaniuma, kwa sababu aliyeuza alimwita mama na akampa baraka.

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na vyenye zebaki au haidrokwinoni, kemikali ya kujichubua, vimepigwa marufuku nchini. Mkataba wa kimataifa wa Minamata nao uliweka mwisho wa mwaka 2020 kwa vipodozi vyenye zaidi ya miligramu moja ya zebaki kwa kilo. Lakini hakuna mkaguzi atakayeingia mkobani mwako. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho na orodha ya vilivyomo lirudishwe lilikotoka, hata kama limekwisha kulipiwa, na ahadi ya siku saba ichukuliwe kuwa ni dalili ya hatari, kwa kuwa kinachobadilisha uso ndani ya siku saba ama ni maji ya kilainishi ama ni dawa ambayo haikupaswa kuwamo.

Harusini mdogo wangu alijitanda mtandio mpana na hakupenda kupigwa picha. Daktari alimpunguzia steroidi taratibu, akampa kilainishi kisicho na manukato na krimu ya kukinga jua, akamkataza kitu kingine chochote mpaka ngozi irudi; tretinoini asubiri. Ilimchukua miezi minne kabla ya uso kuacha kuwaka. Wiki iliyopita alikuja tena barazani, safari hii akiwa na mwavuli, akataka kuona zile picha zangu za dirishani moja baada ya nyingine, akazitazama kimya kwa muda mrefu. Tarehe mosi saa mbili asubuhi atakuja nimpige ya kwanza.